Friedrich Wilhelm Raiffeisen: Aliyejenga Ushirika Juu ya Ujirani

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu yameandikwa mambo mengi ya mazao, maghala na hesabu. Imeonekana vema kutenga kurasa chache kwa ajili ya mtu mmoja ambaye hakupata kufika Afrika wala hakuwa na shamba kubwa. Hata hivyo mkulima anayesimama mbele ya kamati ya chama chake kuomba mkopo, huku jirani yake akisimama kumdhamini, anatembea katika njia iliyofyekwa na mtu huyo. Jina lake ni Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyezaliwa tarehe 30 Machi, 1818, katika kijiji cha Hamm, kando ya mto Sieg, magharibi ya Ujerumani.

Alikuwa mtoto wa saba katika watoto tisa. Baba yake alikuwa mkulima, na kwa muda alikuwa pia mkuu wa mji wao mdogo, lakini mambo ya nyumba yaliharibika Friedrich angali mtoto, na malezi yakamwangukia mama. Hapakuwa na fedha za kumpeleka katika shule za juu. Mchungaji wa kanisa la pale, Bwana Seippel, ndiye aliyemfundisha, na kutoka kwake alipata imani ya dini iliyomwongoza maisha yake yote. Alipotimiza miaka kumi na saba aliingia katika jeshi la ufalme wa Prussia, kikosi cha mizinga. Huenda angalikuwa askari mpaka uzee, lakini ugonjwa wa macho ulimshika, na katika mwaka wa 1843 ikambidi aliache jeshi na kuingia katika kazi za utawala. Ugonjwa huo haukumwacha tena.

Nchi ya vilima iitwayo Westerwald, alikozaliwa na alikorudi kufanya kazi, ni nchi ya baridi yenye udongo mwembamba. Wakulima walikuwa na vipande vidogo vya ardhi, ng'ombe mmoja au wawili, na fedha kidogo sana. Benki za mijini hazikuwajua wala hazikutaka kuwajua. Mkulima akipatwa na msiba, ng'ombe akifa au mavuno yakiharibika, alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha, nao ni mlango wa mkopeshaji wa riba.

Katika mwaka wa 1845 Raiffeisen alifanywa meya wa Weyerbusch, yaani mkuu wa vijiji vingi vidogo vilivyounganishwa chini ya ofisi moja. Mwaka huo huo alimwoa Bibi Emilie Storck. Alianza kwa kujenga shule na kushughulika na barabara, kwa maana aliona kwamba mazao yasiyoweza kufika sokoni hayamfai mkulima kitu. Lakini miaka hiyo ilikuwa miaka ya ugonjwa wa viazi katika Ulaya, na katika mwaka wa 1846 mavuno ya nafaka nayo yakapungua. Majira ya baridi yakawakuta watu hawana chakula.

Serikali ilitoa unga katika maghala yake, ila kwa sharti kwamba wapewe wenye kulipa fedha taslimu tu. Raiffeisen aliona kwamba kwa sharti hilo unga ungewafikia wale ambao wangaliweza kuununua mahali po pote, na wenye njaa hasa wangebaki mikono mitupu. Basi akaugawa kwa mkopo, kila mtu akaandikiwa deni lake. Kwa mtumishi wa serikali mwenye miaka ishirini na minane tu, hilo halikuwa jambo jepesi. Kisha akawakusanya wenye uwezo, wakachanga fedha wakaanzisha chama cha mkate, wakajenga tanuri ya watu wote, na mkate uliookwa hapo ukauzwa kwa bei ya chini kuliko ile ya soko. Majira ya kupanda yalipofika chama hicho kikatafuta viazi vya mbegu. Watu wakala, wakapanda, wakavuna, na madeni yakalipwa.

Mengi yaliyofuata yanaweza kuonekana ndani ya tanuri ile. Waliotoa ile amri ya fedha taslimu walilichukua jambo la njaa kuwa hesabu ya magunia. Meya wao alikuwa na jambo jingine mbele yake: alijua ni nani katika vijiji vile ambaye neno lake ni neno, na alijua kwamba watu hao walikuwa wengi kuliko walivyodhaniwa na ofisi za mbali.

Katika mwaka wa 1848 alihamishiwa Flammersfeld, na huko alikutana na adui mwingine. Mkopeshaji alimpa mkulima ng'ombe wa kufuga. Mkulima alimlisha na kumtunza, lakini ng'ombe alibaki mali ya mwenyewe, na faida yake ikagawanywa kwa namna iliyompendelea mwenye fedha. Deni lilikua kuliko ndama. Mwisho ng'ombe aliondolewa, na mara nyingi shamba likamfuata. Raiffeisen aliwashawishi watu wapatao sitini wenye mali waunde chama, katika mwaka wa 1849, cha kuwasaidia wakulima wasio na uwezo. Watu hao walijifunga kwa pamoja, mali yao yote ikawa dhamana, wakakopa fedha, wakanunua ng'ombe na kuwauzia wakulima ili walipe kidogo kidogo kwa muda wa miaka mitano. Baadaye wakaanza kukopesha fedha pia.

Chama kile kilifanya kazi njema. Lakini tukitazama vizuri tutaona kasoro iliyokuwa ndani yake tangu siku ya kwanza, nayo haikuwa katika vitabu vya hesabu. Wenye mali walisimama upande mmoja, maskini upande wa pili. Aliyekopa hakuwa mwanachama. Hakuwa na sauti, hakuwa na zamu, wala hakudaiwa kitu na maskini mwenzake. Aliyedhamini hakupata kitu ila wasiwasi wa usiku. Uhusiano wa namna hiyo hudumu kadiri huruma inavyodumu, na huruma ya watu, hata ya watu wema, ina majira yake.

Raiffeisen mwenyewe hakulikubali jambo hilo upesi. Katika mwaka wa 1852 alipelekwa Heddesdorf, karibu na mji wa Neuwied kwenye mto Rhine, na miaka miwili baadaye akaanzisha chama cha hisani chenye shabaha kubwa mno: kuwalea watoto walioachwa, kuwatafutia kazi watu waliotoka gerezani, kuweka maktaba, kununua ng'ombe, kukopesha fedha. Alitaka ndugu wote wa jumuiya washikwe na wavu mmoja. Wavu ukachanika. Kazi moja baada ya nyingine ililegea, na waliodhamini walichoka kubeba hatari ya mambo ambayo hawakuwa na faida nayo. Kazi iliyobaki na nguvu ni ile ya mikopo tu. Kwa muda wa miaka kumi alijaribu kuushikilia mpango wake, na katika mambo yote ya maisha yake hakuna linalomletea heshima zaidi kuliko kwamba mwishowe aliuacha. Mnamo 1862 vilianza vyama vidogo vya mikopo katika vijiji vya jirani, Anhausen kikiwa kimojawapo, na mwaka wa 1864 chama cha Heddesdorf chenyewe kikageuzwa. Tangu hapo atakaye kukopa sharti kwanza awe mwanachama. Anayeomba na anayetoa wakawa watu wa namna moja, wote wamefungwa kwa kamba moja.

Tuchukue mfano wa mkulima anayetaka fedha za kununua ng'ombe. Benki ya mjini haiwezi kumkopesha, kwa sababu haijui kama ni mlevi au mchapa kazi, kama shamba lake ni zuri au ni mawe matupu, kama fedha zitanunua ng'ombe au zitakwenda kwenye arusi. Kumtuma mtu wa kuchunguza hayo kwa ajili ya mkopo mdogo kungegharimu kuliko riba yenyewe. Lakini jirani yake anayajua yote bila ya kuuliza. Humwona akitoka alfajiri. Humsikia ng'ombe akilia zizini, au hamsikii. Ujuzi huo ulikuwa umelala vijijini miaka mingi bila ya kumfaa mtu ye yote, ila labda wapiga soga. Kazi ya Raiffeisen ilikuwa kuugeuza uwe mtaji.

Ndiyo maana alishikilia kwamba eneo la chama lisizidi parokia moja, yaani kijiji au vijiji vichache ambavyo watu wake huonana kanisani na sokoni. Ndiyo maana tena dhamana haikuwa na mpaka: chama kikishindwa kulipa, kila mwanachama alikuwa na wajibu kwa mali yake yote. Sharti hili huwatisha watu wa leo, na liliwatisha wengi hata wakati ule. Lakini ndilo lililofanya mwenye fedha wa mjini akubali kukopesha kijiji kizima alichokataa kukikopesha kichwa kwa kichwa. Na ndilo lililofanya kila mwanachama awe na sababu ya kutazama mkopo wa mwenzake unakwenda wapi. Waswahili husema kukopa arusi, kulipa matanga. Katika vyama vya Raiffeisen waalikwa wa arusi walijua mapema kwamba matanga nayo yatakuwa yao, kwa hiyo walikuwa waangalifu katika kualika.

Mikopo ilitolewa kwa kazi inayojulikana, kwa muda mrefu kadiri ya majira ya kilimo, hata miaka kadha, kwa sababu ng'ombe na shamba haviwezi kulipa katika miezi mitatu kama bidhaa za dukani. Wajumbe wa kamati hawakulipwa mshahara. Mweka hesabu peke yake alipewa malipo kidogo, na yeye hakuwa na kauli katika kuamua nani akopeshwe. Faida haikugawanywa kwa wanachama. Iliingia katika akiba ya chama ambayo haiwezi kugawanywa na mtu ye yote, mali ya watu wasiozaliwa bado. Mweka hesabu aliyetenganishwa na maamuzi, wajumbe wasiopata kitu, akiba isiyogusika: kila moja ya kanuni hizo iliwekwa ili tamaa isipate mahali pa kushika, na ujirani usigeuke kuwa njia ya kupendeleana. Raiffeisen aliwajua majirani vya kutosha asiwaamini bila ya kufuli.

Kanuni hizo zilikuwa na ukali wake. Mtu aliyekosana na kijiji, au aliyekuwa na jina baya kwa haki au kwa fitina, hakuwa na pa kwenda tena. Jicho la jirani ambalo lilimlinda mmoja lilimchoma mwingine.

Miaka hiyo ya mafanikio ilikuwa kwake miaka ya huzuni. Mkewe alifariki mwaka wa 1863, na macho yakazidi kuharibika. Katika mwaka wa 1865, angali na miaka arobaini na saba, alistaafishwa kwa pensheni ndogo. Ili kuwalisha watoto alijaribu kutengeneza sigara, kisha akafanya biashara ya mvinyo. Mwaka wa 1866 alitoa kitabu chake juu ya vyama vya mikopo kama njia ya kuwaondolea shida watu wa mashamba, kilichopigwa chapa mara kadha tena maishani mwake na kuzipeleka kanuni zake mahali ambapo yeye mwenyewe hakufika.

Kitabu hicho kiliandikwa kwa mkono wa bintiye Amalie, baba akisema naye akiandika. Yeye ndiye aliyemsomea barua na kuzijibu, yeye ndiye aliyekuwa macho yake. Amalie hakuolewa, akaitumia maisha yake katika kazi ya baba yake. Wanaoandika habari za Raiffeisen humtaja binti huyu kwa mstari mmoja, kisha wakaendelea. Lakini pasipo yeye, barua za vyama vile vyote zingalifika mezani kwa mtu asiyeweza kuzisoma.

Vyama vilipoongezeka lilizuka tatizo jipya. Kijiji kimoja kilikuwa na akiba iliyolala, kingine kilihitaji fedha wakati wa kupanda, na hapakuwa na mahali pa kukutana. Mwaka wa 1872 Raiffeisen alianzisha benki ya ushirika ya Rhine huko Neuwied, ambayo wanachama wake hawakuwa watu bali vyama vyenyewe, navyo pia vikafungwa kwa dhamana isiyo na mpaka. Hapo alipambana na Hermann Schulze-Delitzsch, bingwa mwingine wa ushirika wa Ujerumani, aliyeanzisha vyama vya mikopo kwa mafundi na wenye maduka wa mijini. Walikuwa wamekwisha kubishana juu ya hisa na juu ya muda wa mikopo. Sasa Schulze-Delitzsch, aliyekuwa mbunge na mwenye mkono mkubwa katika sheria ya ushirika ya Prussia ya 1867, alisema kwamba benki hiyo ilikuwa kinyume cha sheria, akalifikisha jambo hilo hata bungeni. Ikabidi benki ifungwe. Mwaka wa 1876 Raiffeisen akaunda badala yake hazina kuu ya mikopo ya wakulima, iliyokuwa kampuni ya hisa, na mwaka uliofuata akaunda chama cha kuviunganisha vyama vyote, kuvikagua na kuvishauri.

Wapenzi wa Raiffeisen huusimulia ugomvi huu kana kwamba alionewa. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba katika jambo la benki mpinzani wake alikuwa na haki. Ndani ya kijiji dhamana isiyo na mpaka ilikuwa salama kwa sababu wanaojifunga wanaonana. Mkulima wa bonde moja anawezaje kuchunguza mwenendo wa mkulima wa bonde la tatu, ambaye hata jina lake hajapata kulisikia? Kamba ile ile iliyowashika majirani, ikivutwa mpaka mbali, inaweza kuwaangusha wote kwa kosa la mmoja wasiyemjua. Juu ya ngazi ya kijiji kulihitajika vitu vingine kushika mahali pa macho ya jirani: wakaguzi wanaosafiri, hesabu za namna moja, hatari yenye mpaka. Raiffeisen alifika hapo kwa kulazimishwa, lakini alifika. Tangu mwaka wa 1879 alitoa pia gazeti la vyama, ili kijiji kipate kujua mambo ya kijiji kingine. Maofisa wa Chama Kikuu cho chote, wanaopokea mizigo ya vyama vya msingi ambavyo wanachama wake hawajaonana kamwe, watautambua ugumu huu bila ya kuelezwa.

Kuna jambo jingine lisilofaa kufichwa katika kurasa za sifa. Katika baadhi ya maandishi yake Raiffeisen aliwalaumu wafanya biashara wa Kiyahudi kwa jumla, kama walivyofanya Wajerumani wengi wa wakati wake, kana kwamba riba ilikuwa tabia ya watu wa dini moja. Hiyo ilikuwa dhuluma, na vizazi vilivyofuata katika Ujerumani viliona kwa macho dhuluma ya maneno ya namna hiyo inafikia wapi. Mtu aliyejua sana kuwaunganisha walio ndani ya kijiji hakuwa na jicho la haki kwa aliyesimama nje yake.

Wakulima walimwita Baba Raiffeisen. Alifariki Heddesdorf tarehe 11 Machi, 1888, siku chache kabla ya kutimiza miaka sabini. Vyama vilivyounganishwa naye vilikuwa zaidi ya 400. Mwaka uliofuata Ujerumani ilipata sheria mpya ya ushirika iliyoruhusu dhamana yenye mpaka, na vyama vya vijijini vikaongezeka kwa maelfu.

Njia yake ilifika mbali kwa kupita India. Huko Waingereza walikuwa wakisumbuliwa na madeni ya wakulima kwa wakopeshaji. Ofisa mmoja, Frederick Nicholson, alitumwa na serikali ya Madras kwenda Ulaya kuchunguza, na taarifa yake ilisifu mno vyama vya Raiffeisen. Mwaka wa 1904 ikapitishwa sheria ya India ya vyama vya mikopo vya ushirika, ambayo ilipotengenezwa upya mwaka wa 1912 ikawa kielelezo kwa nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza: chama cha msingi, mrajis, mkaguzi. Tanganyika ilipata sheria yake ya ushirika mwaka wa 1932, na mwaka uliofuata chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kikaanza kazi chini yake. Katika nchi yetu kilichowakutanisha watu kwanza ni kahawa na pamba, kutafuta bei nzuri kuliko ya mchuuzi, na mikopo ikafuata nyuma. Hata hivyo kamati ya majirani, akiba ya chama na mdhamini anayemjua anayemdhamini ni vitu ambavyo mtu wa Anhausen wa mwaka 1862 angevitambua mara moja.

Mwaka wa 2016 UNESCO iliingiza desturi ya watu kuungana katika vyama vya ushirika, kwa ombi la Ujerumani, katika orodha ya urithi wa wanadamu usioshikika kwa mkono. Nyumba aliyokaa Raiffeisen alipokuwa meya wa Flammersfeld ingali imesimama, na sasa ni jumba la makumbusho.